Siku Filamu Ilipomwita Dada Yangu Mwongo

Wajukuu wangu wana ugonjwa mmoja: wakiona filamu ya watu wanaoruka kwenda sayari nyingine, wanaacha chakula kipoe. Juzi walinikalisha mbele ya televisheni nitazame moja mpya, wakanieleza kwa heshima zote kwamba imetolewa kwenye kitabu maarufu. Nilitazama mpaka mwisho. Mashine zilikuwa nzuri, moshi ulikuwa mwingi, na watu wote walikuwa na meno safi ajabu kwa wasafiri wa mbali kiasi kile. Ilipokwisha, yule mkubwa akaniuliza, "Nkambo, iko muzuri?" Nikamjibu kwamba sijui, mpaka nisome kitabu. Walicheka, maana kwao kitabu ni adhabu ya shule.

Wacheke tu. Katika jambo hili mimi siyumbishwi. Maoni yangu kuhusu vitabu na filamu zake niliyapata nikiwa bado na meno ya utoto, huko Kolwezi, katika lupango letu, yaani ua wa nyumba yetu, la Musonoi, nikiwa nimeshika mikononi kitabu ambacho sikuweza kukisoma. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nywele ikichanganyika na mazutu, dizeli ya lori, ninamwona dada yangu Zaina amekaa kwenye kigoda, kichwa cha mtu kikiwa katikati ya magoti yake.

Baba yetu alikuwa mtu wa Kasongo aliyeletwa Katanga na biashara ya usafirishaji. Lori lake lilikuwa limechoka, lakini lilipanda na kushuka njia ya Mutshatsha likileta makala, yaani makaa ambayo nusu ya Kolwezi ilipikia. Siku moja alimbeba msafiri aliyekuwa ameachwa na treni. Yule mtu, alipofika mjini, akamshukuru kwa kumwachia kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Baba Kifaransa alikisikia kidogo, kukisoma hakujua. Akampa Zaina, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa sekondari, na ambaye kule shuleni waliandika jina la bibi yake, maana serikali ya wakati ule ilikataza majina ya kigeni, ingawa nyumbani alibaki Zaina wetu. Zaina alikimaliza kile kitabu kabla vumbi la makala halijatoka kwenye kurasa.

Ninyi mliokua nami wakati nchi ikiitwa Zaïre mnajua Jumamosi ilivyokuwa kwetu, siku tuliyoiita posho. Wasichana wa avenyu nzima walikuja kusukwa na Zaina kwa uzi mweusi, kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi na nywele alizosuka hazikulegea mpaka uzichoke mwenyewe. Kichwa kimoja kilikula mchana wote. Ili wasisinzie, akaanza kuwasomea kile kitabu. Mikono yake ikiwa na kazi, mimi ndiye niliyepiga magoti mbele yake nikakifungua kitabu usoni pake, na alipotikisa kidevu nikageuza ukurasa. Alisoma Kifaransa kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akatoa Kiswahili kwa sauti. Kichwa kimoja, sura moja, na aliyetaka kujua yaliyofuata alilazimika kurudi Jumamosi nyingine hata kama nywele zake bado zilikuwa nzuri.

Sisi wa darasa la chini tulikuwa bado tunasoma Kiswahili, Kifaransa hatujakifikia. Kwa hiyo macho yangu yalipita kwenye maneno yale kila wiki bila kuambulia chochote. Nilijiona mtu mkubwa hata hivyo. Msichana gani mwingine wa Musonoi alikuwa ameshika sayari nzima mikononi?

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Watu saba walikwenda katika dunia ya mbali, ambako jua likizama linachukua muda mrefu mno kurudi, kutafuta jiwe linalotoa mwanga. Mdogo wao alikuwa Solène, fundi wa mashine ya hewa, msichana mwembamba aliyedharauliwa na wote. Sisi tulimwita Solena. Mambo yaliharibika. Chakula kilipungua, maji yakagawanywa kwa kikombe, mzee wa mashine akafa. Mwisho, ili chombo kiweze kuondoka, ilibidi mtu mmoja abaki chini akiishika mashine kwa mikono yake mpaka wenzake wawe juu salama. Wanaume walitazamana. Solena akavua glavu, akaishika. Zaina alipofika hapo uzi ulimponyoka, na Kabedi, jirani yetu aliyekuwa anasukwa, alilia mpaka Zaina akamwambia akitikisika tena mistari itapinda.

Na dunia ile mimi niliijua vizuri. Zaina alitueleza ni shimo kubwa lenye ngazi za udongo mwekundu, ngazi moja chini ya nyingine, malori yakizunguka kama wadudu huko chini, na king'ora kikilia kabla ya mlipuko. Hayo si yalikuwa Mashamba, mgodi wa shaba wa kwetu? Tulipanda juu ya kichuguu tukaona vumbi lake. Basi nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba Solena yumo Mashamba, na kwamba kila baruti inapolia ni yeye anasukuma chombo kingine kiende zake. Mabati ya nyumba yakitetemeka, wenzangu waliziba masikio, mimi nilisema, "Pole, Solena." Mara moja nilificha kipande cha mkate nikampa Baba, nikamwomba akipita karibu na Mashamba ampelekee. Baba alikifunga ndani ya kitambaa, akasema, "Nitamupatia."

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la sayari. Baba mdogo wangu Ramazani alikuwa ameleta habari ya mfanyabiashara mmoja wa Mutshatsha, mtu mwenye duka na umri, aliyemtaka Zaina. Mama alinyamaza kwa namna yake ya kukataa. Baba alisema msichana amalize masomo kwanza, maana Kifaransa chake kilikuwa kinaisaidia nyumba: ndiye aliyemsomea karatasi za barabarani kila zilipobadilishwa. Baba mdogo alikubali kwa mdomo. Lakini alikaa kwetu akisubiri sababu, na sisi sote tulijua anaisubiri.

Sababu ilikuja kwenye mlango wa ukumbi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, ikiwa imebandikwa kwa gundi. Lilikuwa tangazo la filamu ya Jumapili. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele za dhahabu ndani ya nguo nyeupe, na chini yake maandishi. Zaina aliyasoma, akanishika mkono hata ukaniuma.

"Njo kitabu yetu!" akasema, yaani ndicho kitabu chetu. "Angalia, banaandika jina: Solène. Njo yeye!"

Habari ilifika kila lupango kabla hatujarudi nyumbani. Jumapili ile vichwa vyote vilivyopita kwenye magoti ya Zaina vilikuwa ukumbini, vimepangwa mbele, nywele zimewekwa mafuta. Baba alikuja na shati lake la safari. Baba mdogo naye alikuja. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, mashine ikaanza kukoroma, na kando ya kitambaa cheupe akasimama Tata Ngoie na kipaza sauti chake. Siku za kazi alikuwa karani, lakini Jumapili ndiye aliyetufasiria filamu kwa Kiswahili, mwanamume nadhifu ndani ya abacost, ile suti ya wakati ule isiyovaliwa na tai, mwenye sauti ambayo wake za watu waliisifia waziwazi. Alimwita nahodha wa filamu Chef, yaani mkubwa, na kila ngumi ilipopigwa yeye alitoa mlio wake mwenyewe juu ya ule wa filamu.

Nilianza kuona mambo hayaendi sawa mapema. Kwanza, hapakuwa na Mashamba. Palikuwa na mchanga mweupe tu, mweupe hata macho yakauma. Nikajiambia labda bado hawajafika. Kisha Solena hakuwa fundi. Alikuwa mchumba wa Chef, kazi yake kupiga kelele na kuzirai, na kila akizirai nywele zake zilianguka vizuri. Mashine ya hewa ilipoharibika, Chef aliipiga teke, akaifungua, akaitengeneza. Hakuna aliyebaki. Walipanda wote, wakabusiana dirishani, muziki ukaja, na ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye viti.

Mstari wetu peke yake haukupiga. Kabedi aligeuka nyuma kabla taa hazijawashwa.

"Zaina! Ulisema anabakia. Mi nililia bure? Ulikuwa unatudanganya myezi yote!"

"Mu kitabu anabakia," Zaina akasema.

"Kitabu gani? Hii njo ya kweli, tumeona na macho!"

Hapo ndipo nilipojifunza nguvu ya filamu, na sijaisahau. Kitabu ulikisikia kwa sauti ya msichana unayemjua, anayechota maji bombani kama wewe. Filamu ilikuja na mashine, na mlango, na Tata Ngoie ndani ya abacost. Nani angeamini kwamba kati ya hivyo viwili kilichopinda ni kile kikubwa? Njia nzima ya kurudi watoto walituimbia, "Zaina muongo, Solena ameolewa!" Zaina alitembea ameinua kichwa. Mimi nilimshika sketi nikitaka kupigana na kila mtu, na nilimpiga mmoja.

Nyumbani, Baba mdogo hakusubiri hata tuvue viatu.

"Kaka, unaona? Mutoto hajue Kifaransa. Anashika kitabu, anabuni tu. Njo unamuacha akusomee karatasi? Siku moja atakutia mu matata na bapolisi. Ule bwana wa Mutshatsha angoje mpaka lini?"

Nilimtazama Baba usoni nikaona kwamba maneno yale yamemwingia, kwa sababu mtu asiyesoma hana namna ya kujua kama anasomewa kweli. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma, si sayari wala mchumba wa Chef.

"Zaina," akasema. "Ile yote ulikuwa unasomeaka batoto, iko mu kitabu?"

"Iko, Papa."

"Yote?"

Zaina akatazama mikono yake. "Kubakia kwa Solena, iko," akajibu. Lile neno "yote" hakuligusa, na Baba mdogo alitabasamu.

"Basi tutaangalia," Baba akasema. "Kama alidanganya, masomo inaishia pale, na mi sitasema kitu tena juu ya Mutshatsha."

Posho iliyofuata, Tata Ngoie alikuja lupangoni kwetu saa ya kusukwa, ameitwa na Baba akisome kitabu. Baba alimkalisha kwenye kiti cha mikono, Mama akaweka chai. Wasichana walikuja wote, safari hii bila kutaka kusukwa. Zaina alikaa mkekani karibu na Mama, na mimi kwa mara ya kwanza niliona kitabu kile kikishikwa na mikono mingine. Tata Ngoie alipangusa miwani yake, akasema kwanza kwamba kule ukumbini alifasiri kile alichokisikia na hakuongeza isipokuwa ngumi. Kisha akafungua mahali fulani katikati, akaanza kusoma na kufasiri.

Alikuwa amesoma kidogo tu Baba alipomkatiza.

"Tata Ngoie, samahani. Kuko fasi banagawanya maji. Solena anakunywa yake?"

Tata Ngoie aligeuza kurasa kutafuta mahali hapo, akafuata mistari kwa kidole. "Ngoja... Eh. Hapana. Anaficha kikombe, anakwenda kumupatia mugonjwa."

"Na ule muzee wa mashine. Anakufa na kiatu moja?"

Tata Ngoie akageuza tena, akacheka kwa mshangao. "Kiatu moja, ndiyo! Ingine alimupatia Solena afunge nayo muferezi yenye kuvuja. Tata, weye ulishasoma hii kitabu?"

"Mi sijue kusoma Kifaransa," Baba akasema. "Endelea."

Lupango lote lilimgeukia. Baba hakuwa amewahi kukaa nasi kwenye hadithi hata siku moja. Jumamosi alilala chini ya lori hapohapo kando yetu akigonga vyuma, tukaona viatu vyake tu. Nilimwona Zaina akifunika mdomo kwa kitenge. Baba hakumtazama mtu. Aliuliza kuhusu ndege asiyeruka, kuhusu wimbo ambao mgonjwa anauimba, kuhusu jina la mama yake Solena, na kila alipouliza, Tata Ngoie alitafuta, na kila alipotafuta, alikuta. Kabedi alianza kukaa vibaya pale mkekani. Hatimaye mfasiri akafika ukurasa wa mwisho. Alisoma Kifaransa kwanza, polepole: "Elle resta." Halafu akavua miwani.

"Alibakia," akasema.

Nikaruka kwa furaha. Nilikuwa nimeshinda, Zaina ameshinda, na kilichokuwa kimebaki kilikuwa kitu kidogo tu nilichotaka kuonyeshwa.

"Tata Ngoie," nikauliza, "na Mashamba iko ku ukurasa gani?"

"Mashamba?"

"Mashimo. Na malori. Na sirene."

Alipekua mbele, akapekua nyuma, kwa uangalifu wa karani. "Hapana, mama. Hapa iko muchanga tu. Muchanga meupe, mpaka mbali. Shimo haiko hata moja."

Sijui niseme nini kilinivunjika, lakini kilivunjika. Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Aya! Si nilisema? Anasoma kidogo, anabuni kidogo. Muongo ni muongo, Kaka."

"Zaina," Baba akaita, "mashimo ilitoka wapi?"

Zaina alisimama.

"Papa, siku ya kwanza nilisema désert. Banaangalia kinywa yangu, hawaone kitu. Batoto ba hapa, nani aliona muchanga ya vile? Nikasema Mashamba, na wote bakaona. Nilitaka bamuone Solena fasi anasimama. Ningemuacha mu muchanga, hakuna mutu angemulilia."

Baba mdogo akafungua mdomo, na Baba akainua mkono wake uliojaa grisi.

"Ramazani, sikia. Ile filimu ilichunga muchanga, ikatupa musichana. Mutoto yangu alitupa muchanga, akachunga musichana. Mi najua ni nani alisoma kitabu muzuri. Ule bwana wa Mutshatsha, mi mwenyewe nitamuambia atafute bibi fasi ingine."

Mama alisema "Eh!" moja tu, akaenda kuongeza chai. Tata Ngoie alipiga makofi peke yake, kisha Kabedi akapiga, akiwa amekasirika kidogo bado, halafu wote. Mimi sikupiga. Nilikuwa nalia kwa ajili ya Mashamba, kwa sababu kumbe kule chini palikuwa na wanaume na malori tu, wala hakuna aliyekuwa akinisikia nilipompa pole. Zaina alinivuta mapajani pake akaninyamazisha. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba machozi yale yalikuwa sifa kubwa kuliko makofi ya wengine wote, na nimemwambia hivyo tukiwa watu wazima, naye akaniambia niache kujisifu kwa kulia.

Kwa hiyo wajukuu wakiniuliza kama filamu ni nzuri, siwaulizi imebadilisha nini. Kila anayesimulia hubadilisha, na dada yangu alihamisha sayari nzima akaileta Musonoi. Nauliza waliobadilisha walikuwa wanataka tuone nini. Zaina alitaka tumwone msichana. Wale wa filamu walitaka tuone nywele. Nimetazama filamu nyingi za namna hii tangu wakati ule, chache nimezipenda sana, na hizo nilizozipenda hazikuwa lazima zile zilizofuata kitabu neno kwa neno.

Jumatatu asubuhi Baba alimpeleka Zaina shuleni kwa lori, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, kwa sababu mazutu hayakuwa ya kuchezea. Mimi nilikaa katikati yao. Baba aliendesha mpaka tukatoka nje ya Musonoi, halafu akakohoa kama mtu anayetaka kuuliza njia mahali ambapo angepaswa kuijua.

"Zaina. Nyuma ya pale, bale bengine, bakishafika kwabo. Balimurudilia Solena?"

"Kitabu inaishia pale, Papa."

"Pale-pale?"

"Pale-pale."

Baba alishusha gia kwenye kona, akapisha baiskeli, akapandisha tena. Shule ilikuwa bado mbali.

"Basi," akasema, "weye utuambie."